Gemu ya mmoja na gemu ya wengi: historia kutoka banda la Kasulu

Nimekuwa kimya kwa sababu nilikuwa field, mazoezi ya kufundisha, kule Kibondo. Juzi nimerudi kempasi, bumu bado halijatoka, lakini kuna jambo nimerudi nalo kichwani. Kwa kuwa mimi ni ticha mtarajiwa wa historia, acha nilieleze kihistoria.

Siku moja ofisini, mwalimu mmoja mkongwe alimnyang'anya mwanafunzi simu yenye gemu, akatugeukia sisi vijana. "Hizi gemu zinawafundisha ubinafsi. Kila mtu na kioo chake. Sisi tulicheza bao, watu wawili wanakaa wanatazamana." Nikasema, "Ni kweli, mwalimu," maana mzee habishiwi mbele za watu. Ila moyoni nilibisha. Mimi nimekulia Kasulu, kwenye banda la gemu, na pale sikuwahi kumuona mtu akicheza peke yake.

Tuanze mwanzo kabisa. Gemu za televisheni hazikuzaliwa za upweke. Mashine ya kwanza ya nyumbani, Magnavox Odyssey, iliyotokana na kazi ya Ralph Baer, iliuzwa Marekani mwaka 1972. Mashine ile haikuwa na ubongo wa kuwa mpinzani wako. Ukitaka kucheza tenisi yake, lazima umtafute mtu. Pong ya Atari, mwaka huohuo, ilikuwa vilevile: bila mwenzako, hakuna gemu. Kwa hiyo zilifanana na bao: mashimo 32, kete 64, na mtu mbele yako. Mashine ilipopata akili ya kutosha ndipo mtu mmoja akaanza kupambana nayo, mfano Space Invaders ya Japani mwaka 1978.

Sisi huku tulikuwa wapi? Tulikuwa mbali, wadau. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Zanzibar walikuwa na televisheni yao tangu miaka ya 1970, lakini bara tulisubiri mpaka 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo. Desemba ya mwaka huohuo Sony wakatoa PlayStation kule Japani. Ukimuuliza mzee wa Kibondo kuhusu miaka ile hakumbuki hata kimoja kati ya hivyo viwili. Anakumbuka wakimbizi wa Burundi walioanza kumiminika Oktoba 1993, baada ya kuuawa Rais Ndadaye. Historia ya dunia na historia ya kwetu hazitembei kwa saa moja.

PlayStation 2 ilitoka mwaka 2000, ikauzwa zaidi ya milioni 155 duniani. Mimi nilikutana nayo nikiwa shule ya msingi, ikiwa imeshazeeka, imefungwa mpira wa baiskeli ili mfuniko usifunguke. Banda la mabati, televisheni moja ya kichogo, benchi mbili, pedi mbili. Mechi shilingi 200. Anayefungwa anatoka na anamlipia mwenzake. Mshindi anabaki mpaka apatikane wa kumtoa. Kulikuwa na Waha, watoto wa watumishi kutoka mikoani, wote wanapiga kelele kwa wakati mmoja.

Je, tulicheza wawili wawili kwa sababu Waafrika tunapenda ujamaa? Hapo ndipo nilipokuwa napanga kumjibu yule mwalimu kwa mbwembwe. Lakini historia inataka sababu, siyo sifa. Nikaanza kuhesabu sababu.

Kwanza, pesa. Mchezaji mmoja kwenye mashine anamkalisha mteja wa pili benchi. Wawili wanaleta ushindani, na ushindani unaleta mechi ya marudiano.

Pili, umeme. Kasulu na Kibondo ziliishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, gridi ya taifa imefika 2022. Mechi ya dakika kumi inaweza kuisha kabla umeme haujakata. Hadithi ya saa thelathini, hapana.

Tatu, memori kadi. Banda letu lilikuwa na moja tu, ya MB 8, na kila anayesevu alifuta ya mwenzake. Ilipokuja San Andreas, ile ya 2004, tulilipia dakika. Kila siku nilianza upya na ile baiskeli ya mwanzo. Mpaka leo sijui gemu ile inaishaje.

Kwa hiyo kucheza peke yako kulikuwa anasa. Kulitaka nyumba yenye televisheni, umeme usiokatika na mtu asiyekutuma dukani. Sisi hatukuchagua gemu ya wengi, ndiyo iliyokuwepo.

Ningeweza kuishia hapo. Ila likizo iliyopita mwenye banda aliuza vitu vyake, vijana wamehamia kwenye simu. Nikanunua ile PS2 kwa bei ya kutupa, pedi moja imekufa, nikaipeleka nyumbani. Mdogo wangu wa kike, yuko kidato cha tatu, akaishika. Nikamuuliza, "Na wewe unajua gemu?" Akasema, "Kaka, mimi nilikuwa nakuja kukuita kula, nasimama mlangoni. Nimeangalia miaka yote ile."

Kweli. Alikuwa anasimama mlangoni. Hakuna msichana aliyewahi kukaa kwenye benchi zile. Angeingia angezomewa, na nyumbani angechapwa kuliko mimi. Lile banda ninalolisifia kuwa la wengi lilikuwa la nusu ya watoto wa mtaa.

Akawa anacheza peke yake usiku, sauti ameizima. Hakucheza na kompyuta mechi moja moja kama tulivyofanya tukikosa mpinzani. Alicheza Master League ya Pro Evolution Soccer, ile ya kuanza na wachezaji wasiojulikana, akina Castolo, unakusanya pointi, unasajili, msimu hadi msimu. Memori kadi ni ileile, ila sasa hakuna wa kumfutia. Hakuna wa kumcheka akikosea. Kabla sijaondoka kwenda Kibondo nikapata pedi ya pili. Mechi ya kwanza akanifunga tatu moja. Mimi, niliyekuwa nakaa kwenye benchi mpaka jioni!

Sasa kama ningerudi kwenye ofisi ile ya walimu, nisingesema gemu ya wengi ni bora, wala ya peke yako ni mbaya. Ningemuuliza mwalimu kwa heshima: kwenye bao lenu, dada zenu walikaa wapi?

Kesho nina semina saa mbili na sijasoma. Mdogo wangu ametuma meseji, anasema amechukua ubingwa na Castolo bado yupo. Nimemjibu likizo ijayo tutarudiana, anayefungwa anaosha vyombo. Hajajibu, nadhani yuko msimu mwingine.