Besi, mvumo na mlingano

Ingia duka lolote la vifaa vya umeme katikati ya Mwanza, omba sabufa. Utaletewa boksi kubwa moja, spika ndogo mbili, tatu au tano, rimoti, pa kuchomeka flashi, na redio humohumo. Yote hayo ni sabufa. Kwa watengenezaji jina hilo ni la lile boksi kubwa tu, linalotoa sauti za chini kabisa. Kwetu limepanda cheo likawa jina la seti nzima. Sioni sababu ya kulishusha. Tatizo ni kwamba tukitaka kueleza kinachotendeka chumbani boksi linapopiga, tunabaki na neno moja, besi, na tunalibebesha kila kitu.

Besi tunayo siku nyingi. Wanakwaya wanaijua kama sauti ya nne, ya wanaume wenye koo zito. Wapiga dansi wana solo, rizimu na besi. Kwa fundi wa sauti besi ni upande wa chini wa masafa, tuseme kuanzia hezi 20 hadi 250 hivi, hezi moja ikiwa mtetemo mmoja kwa sekunde. Hapo hakuna ugomvi.

Ugomvi unaanza mwenye nyumba anaposema, "Besi imezidi." Anapunguza kitufe. Muziki unakuwa mkavu, gitaa la besi linapotea, lakini noti moja bado inanguruma na kukaa kifuani. Anapunguza tena, bado. Hapo kitufe hakina kosa, na spika pia haina kosa.

Tupige hesabu. Katika joto la Mwanza sauti husafiri karibu mita 345 kwa sekunde. Kwa hiyo noti ya hezi 43 ina wimbi lenye urefu wa mita 8. Chumba chenye mita 4 kutoka ukuta hadi ukuta kinachukua nusu ya wimbi hilo barabara: likigonga ukuta wa saruji linarudi, linakutana na linalokuja, na noti ile inajazana. Inajazana karibu na kuta. Katikati ya chumba karibu inafutika. Ndiyo maana aliyeegemea ukuta analalamika kuwa anazama, na aliyeweka kiti katikati anauliza besi iko wapi. Wote wawili wanasema kweli. Chumba kikiwa mraba, nne kwa nne, mambo huwa mabaya zaidi, maana urefu na upana vinachochea noti ileile. Pazia na kochi havisaidii sana. Vinameza sauti za juu, hizi za chini zinavipita.

Hali hii naiita mvumo. Kiswahili kilikuwa na neno hilo kabla ya umeme: upepo huvuma, na ngoma huvuma. Tembelea Makumbusho ya Bujora, Kisesa, penye ngoma za watemi wa Kisukuma, utaona jinsi kina na upana wa mzinga unavyotofautiana ngoma kwa ngoma. Ngozi inapigwa, lakini kinachovuma ni hewa na mti wa ndani. Basi tugawane maneno: besi hutoka kwenye spika, mvumo ni jibu la chumba. Besi ina kitufe. Mvumo hauna, unatibiwa kwa kuhamisha boksi, au kuhamisha kochi.

Wajuzi wana mbinu moja inayochekesha watoto. Boksi unaliweka juu ya kochi, pale unapokaa siku zote, unapiga wimbo ambao gitaa la besi linatembea kwenye noti nyingi, kisha unatambaa sakafuni kando ya kuta ukisikiliza. Mahali ambapo noti zote zinasikika kwa nguvu moja, ndipo pa kuliweka. Kona huongeza nguvu, na mvumo pia. Ila kwa seti zetu za bei nafuu kuna mpaka. Spika zake ndogo haziwezi kushuka chini sana, kwa hiyo boksi hubebeshwa mpaka sehemu ya sauti za wanaume. Chini ya hezi 80 hivi sikio halitambui vizuri sauti inatoka wapi. Juu ya hapo linatambua. Ukilificha boksi nyuma ya kochi, msomaji wa taarifa ya habari atakuongelea mgongoni. Liache mbele, upande wa runinga, utafute mahali pake hukohuko. Na kwa kuwa amplifaya mara nyingi imo ndani ya boksi, ukilihamisha utahitaji waya mrefu zaidi wa spika.

Mlingano ni habari nyingine. Mafundi husema "kubalansi spika", na wanaeleweka. Mizania siipendi hapa, wahasibu wameshaichukua. Mlingano wa spika ni kuhakikisha kila moja inamfikia msikilizaji kwa nguvu iliyokusudiwa. Penye uwazi, umbali ukiongezeka mara mbili sauti hupungua desibeli 6; chumbani hupungua kidogo kuliko hapo. Spika iliyo karibu nawe ishushwe, au isogezwe. Kwenye filamu zilizotafsiriwa, zile zilizompa jina Derek Mukandala, yaani Lufufu, sauti ya mfasiri ikitoka sawa kushoto na kulia huonekana kutoka katikati ya skrini, mradi umekaa katikati. Anayekaa pembeni ya benchi humsikia kwenye spika ya jirani tu.

Rekebisha yote haya kwa ukubwa wa sauti unaotumia kila siku. Mwaka 1933 Fletcher na Munson walionyesha kuwa sauti ikipunguzwa, sikio hupoteza besi kwanza. Anayeongeza besi usiku sauti ikiwa chini, kesho akifungulia atashangaa mwenyewe, na majirani zake wa Mabatini, Mwanza, watashangaa kabla yake, kwa sababu ukuta huzuia maneno na kupitisha besi. Kanuni za mazingira za Tanzania za 2015 zinataja kelele na mitetemo pamoja, na zimefanya vizuri.

Bati likianza kutatarika kwenye noti fulani, hilo si besi wala mvumo. Ni msumari uliolegea, mwite fundi paa.