Mishale ya Wigmore Shambani Ndhiwa

Mwaka 1913 John Henry Wigmore, mkuu wa kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Northwestern huko Chicago, alitoa mchoro wa kuiweka kesi nzima kwenye karatasi moja. Maneno ya shahidi yalikaa ndani ya mraba, dalili za mazingira ndani ya duara, na mishale ikaonyesha lipi linashikilia lipi, hadi juu kwenye jambo linalobishaniwa. Alama zilikuwa nyingi mno, na wanasheria wakaipa mbinu hiyo kisogo kwa miongo mingi. Siwalaumu.

Aliyesaidia kuifufua alizaliwa Kampala mwaka 1934. William Twining, ambaye baba yake alikuja kuwa gavana wa Tanganyika, alisoma Chicago, akafundisha Khartoum, kisha akawa mmoja wa walimu wa mwanzo wa kitivo cha sheria cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa 1961. Alikaa huko hadi 1965, na katika miaka hiyo aliandika juu ya nafasi ya sheria za kimila katika Afrika Mashariki. Kitabu chake kuhusu Wigmore na mwanafalsafa Bentham kilitoka 1985. Mwaka 1991, pamoja na Terence Anderson, akatoa kitabu cha mazoezi ya mbinu hiyo, alama zikiwa zimepunguzwa.

Ndhiwa, Uluoni nchini Kenya, hakukosekani shauri la kuijaribia mbinu hiyo. Sheria ya 1968 ya uhakiki wa ardhi ilizipa kamati za wakazi wasiopungua 10 kazi ya kusikiliza madai, na dai la kawaida Uluoni ni hili: shamba ni letu, babu amelala hapa. Mwanaanthropolojia Parker Shipton, aliyefanya utafiti Kanyamkago, Migori, miaka ya 1980, ameandika kwa kirefu jinsi makaburi yanavyoshika ardhi.

Tuchore, basi. Chini kabisa kaburi. Hilo kila mtu analiona. Juu yake: Mluo huzikwa bomani mwake, kwa hiyo babu alikuwa na boma hapa. Juu zaidi: mwenye boma ndiye mwenye ardhi. Mshale huu wa mwisho haukutamkwa na mtu, na ndio dhaifu, kwa sababu jadak, mgeni aliyekaribishwa na wenye ardhi, naye hujenga, naye huweza kuzikwa alipojenga. Mpinzani hana haja ya kulikana kaburi. Anatafuta shahidi wa kueleza nani alimkaribisha babu.

Shauri likifika mahakamani, hapo Sheria ya Ushahidi ya Kenya, yenye asili yake katika ile ya India ya 1872, inaingilia kati. Kauli ya marehemu kuhusu undugu hupokelewa ikiwa alikuwa na njia ya kuujua, na alisema kabla ugomvi haujazuka. Orodha ya mababu hupita mlango huo. Habari ya kumkaribisha mgeni si ya undugu. Lazima itafutiwe mlango mwingine, na wakili wa mdai atamuuliza shahidi wa mpinzani aliisikia kwa nani, lini.