Sotoka na malango ya bandari

Mwishoni mwa mwezi Mei mwaka 1865, meli iitwayo Tonning ilitia nanga katika bandari ya Hull, mashariki mwa Uingereza, ikiwa na ng'ombe na kondoo waliopakiwa Revel, mji ambao leo unaitwa Tallinn na ni mji mkuu wa Estonia, lakini ambao zama hizo ulikuwa chini ya himaya ya Urusi. Baadhi ya ng'ombe hao walisafirishwa hadi soko kuu la mifugo la London, katika eneo la Islington. Kabla ya mwezi Juni kumalizika, ng'ombe wa maziwa katika mazizi ya jiji hilo walianza kutokwa na machozi na kamasi, kuharisha, na hatimaye kufa. Ugonjwa huo ulikuwa sotoka, na shehena ya Tonning ndiyo iliyokuja kunyooshewa kidole kuwa ndiyo iliyouleta.

Sotoka husababishwa na virusi vyenye undugu na vile vya surua ya binadamu. Katika kundi ambalo halijawahi kuupata, ugonjwa huo uliweza kuua ng'ombe tisa kati ya kila kumi. Lakini hatari yake kubwa kwa wafanyabiashara haikuwa katika ukali wake, bali katika siku zile za mwanzo ambapo mnyama aliyekwisha kuambukizwa huonekana mzima, anakula na kucheua kama wenzake. Zamani ng'ombe wa nyika za Urusi walipoletwa Ulaya Magharibi kwa miguu, safari ilichukua majuma mengi, na mgonjwa alianguka njiani. Meli za mvuke na reli ziliifupisha safari hiyo ikawa fupi kuliko muda ambao ugonjwa hujificha mwilini. Mkaguzi aliyesimama bandarini aliweza kumtazama mnyama kwa makini, akampitisha kwa nia njema kabisa, na kumbe amepitisha maafa.

Si kwamba dawa ya jambo hili haikujulikana. Mapema katika karne ya 18, Giovanni Maria Lancisi, tabibu wa Baba Mtakatifu, alishauri kwamba ng'ombe wagonjwa wauawe na wazikwe, na usafirishaji wa mifugo uzuiwe kwa adhabu kali. Mwaka 1714 Thomas Bates, tabibu wa upasuaji wa Mfalme wa Uingereza, aliuzima ugonjwa huo huo katika eneo lile lile la Islington, kwa kuua ng'ombe na kuwalipa fidia wenyewe. Lakini vizazi vilipita na mafunzo hayo yakasahauliwa. Mwaka 1842 Uingereza iliondoa marufuku ya kuingiza mifugo hai, na mwaka 1846 ikafuta ushuru wake, kwani miji ya viwanda ilikuwa ikikua na wafanyakazi walihitaji nyama ya bei nafuu. Mganga wa mifugo John Gamgee, aliyeitisha mkutano wa kwanza wa kimataifa wa madaktari wa mifugo mjini Hamburg mwaka 1863, alionya mara kwa mara kwamba biashara hiyo isiyo na ulinzi ingeleta balaa. Wengi walimwona mtu wa kelele.

Balaa lilipofika, miezi ya kwanza ilipotea katika mabishano. Walikuwapo waliosema kwamba ugonjwa ulizuka wenyewe kutokana na uchafu wa mazizi ya London, na kwa hiyo kufunga bandari kungekuwa kazi bure. Wengine walijaribu kila aina ya dawa. Tume ya kifalme iliyoundwa mwaka huo ilipendekeza kusimamishwa kwa usafirishaji wote wa ng'ombe ndani ya nchi, lakini wajumbe wenyewe hawakuwa na kauli moja, na serikali ikasitasita. Wakati huo Cheshire, mkoa unaosifika kwa jibini, ulikuwa ukizika ng'ombe wake kwa maelfu.

Sheria ilipitishwa mwezi Februari mwaka 1866. Ng'ombe wagonjwa walitakiwa kuuawa, na mwenye mali kulipwa fidia isiyozidi nusu ya thamani ya mnyama. Hata hapo palizuka ubishi ambao haujazeeka. Mwanafalsafa John Stuart Mill, aliyekuwa mbunge, alipinga kiwango cha fidia, akisema kwamba wenye mashamba watalipwa mara mbili: kwanza kwa fedha za umma, na pili kwa bei ya nyama itakayopanda, ambayo mlaji maskini ndiye atakayeilipa. Hoja yake ilikuwa na uzito, lakini bila fidia mfugaji angemficha mgonjwa wake porini, na sheria ingebaki karatasi. Fidia ilibaki, na wagonjwa wakaanza kupungua. Mwaka 1867 sotoka ilikuwa imekaribia kutoweka, baada ya kuua ng'ombe kwa mamia ya maelfu.

Hapo ndipo lango la bandari lilipojengwa. Sheria ya mwaka 1869 iliipa serikali uwezo wa kutenga bandari na masoko maalumu kwa mifugo ya kigeni. Mwaka 1871 lilifunguliwa soko la Deptford, kando ya mto Thames, kwenye kiwanja cha zamani cha kuundia meli za jeshi la majini, ambako ng'ombe wa kutoka ng'ambo walishushwa na kuchinjwa humo humo. Nyama ndiyo iliyotoka, si mnyama aliye hai. Mwaka 1878 kuchinja bandarini kulifanywa kuwa kanuni kwa mifugo ya kigeni isipokuwa ile ya nchi zilizosamehewa, na mwaka 1896 msamaha huo nao ukaondolewa. Wakanada walilalamika kwa miaka mingi kwamba ng'ombe wao hawakuwa na ugonjwa wowote, na kwamba kilicholindwa hapo ni mfuko wa mfugaji wa Kiingereza. Ni vigumu kusema walikosea kabisa.

Lakini msikilizaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kuuliza: malango hayo yalijengwa wapi, na wapi hayakujengwa? Mwaka 1887 majeshi ya Italia yalikuwa Massawa, kwenye mwambao wa Bahari ya Shamu, na yalihitaji nyama. Wanahistoria wengi wanakubaliana kwamba ng'ombe walioletwa kwa meli kulisha jeshi hilo ndio walioingiza sotoka katika Pembe ya Afrika. Hakuna aliyewachinja bandarini. Elimu iliyokuwa imeandikwa katika sheria za London kwa zaidi ya miaka 20 haikuvuka bahari pamoja na mizinga.

Ethiopia ilipoteza sehemu kubwa mno ya ng'ombe wake, na kwa kuwa maksai ndio walimao, jembe lilisimama. Njaa iliyofuata, kuanzia mwaka 1888 hadi 1892, inakumbukwa hadi leo kama siku mbovu. Ugonjwa ulishuka kusini ukafika kwa Wamaasai mwanzoni mwa miaka ya 1890, ukafuatana na ndui. Wamaasai wanakiita kipindi hicho emutai, yaani maangamizi. Msafiri kutoka Austria, Oscar Baumann, aliyepita Ngorongoro mwaka 1892, aliandika juu ya wanawake waliokonda wakabaki mifupa, na mashujaa wa jana waliokuwa hawana nguvu hata za kutambaa. Kwa mfugaji, kupotea kwa ng'ombe hakukuwa kupotea kwa chakula tu. Mahari, fidia ya damu, sadaka na heshima ya mzee mbele ya wanawe vyote vilikuwa na miguu minne. Nyati nao walikufa. Mahali ambapo mifugo haikulisha tena, vichaka viliota, na baadaye mbung'o wakahamia humo.

Wakoloni walipokuja kuzigawa ardhi hizo, walikuta malisho matupu na wakayaita ardhi isiyo na wenyewe. Mikataba ya mwaka 1904 na 1911, iliyowahamisha Wamaasai kutoka sehemu bora za malisho nchini Kenya, haiwezi kuelezwa bila kuitaja sotoka. Upande wa kusini, ugonjwa ulivuka mto Zambezi mwaka 1896. Huko serikali zilijaribu uzio wa seng'enge na doria za polisi, lakini sotoka iliupita uzio na kufika Rasi mwaka uliofuata.

Mkataba wa mataifa mengi ulisubiri hadi Ulaya ilipoguswa tena. Mwaka 1920, ng'ombe wa kutoka India waliokuwa wakipelekwa Brazil walipitishwa bandari ya Antwerp, na sotoka ikazuka Ubelgiji. Mkutano uliitishwa Paris mwaka 1921, na tarehe 25 Januari 1924 nchi 28 zilitia saini kuundwa kwa shirika la kimataifa la afya ya wanyama, lenye makao yake Paris. Kazi yake ya kwanza ilikuwa rahisi kuitaja na ngumu kuitimiza: kila nchi iziarifu nyingine bila kuficha pale ugonjwa unapozuka.

Ugumu huo ulionekana mwezi Septemba mwaka 2000, ugonjwa mwingine, homa ya Bonde la Ufa, ulipozuka Saudi Arabia na Yemen na kuua watu zaidi ya 100. Nchi za Ghuba zilipiga marufuku mifugo kutoka Pembe ya Afrika. Hofu hiyo ilikuwa na msingi, lakini katika bandari ya Berbera, inayotegemea mifugo inayovushwa kwenda Uarabuni, hasa wakati wa hija, biashara ilianguka. Wasomali hawakuwa na serikali kuu inayofanya kazi, wala hati ya afya ambayo mnunuzi angeiamini. Saudi Arabia haikuondoa marufuku yake hadi mwaka 2009.

Sotoka yenyewe ilimalizwa na chanjo zaidi kuliko malango. Chanjo iliyofanya kazi hiyo ilitengenezwa Muguga, nje kidogo ya Nairobi, na Walter Plowright na wenzake, karibu na mwaka 1960. Mgonjwa wa mwisho kuthibitishwa alikuwa nyati katika Hifadhi ya Meru, nchini Kenya, mwaka 2001, na mwaka 2011 dunia ilitangazwa kuwa huru na ugonjwa huo. Mwaka 2019 taasisi ya Pirbright, nchini Uingereza, iliteketeza akiba yake ya mwisho ya virusi vya sotoka. Sampuli zilizosalia zimehifadhiwa katika maabara chache zilizoidhinishwa, na haziruhusiwi kuvushwa mpaka wa nchi yoyote bila kibali.