Ufikishaji wa barua pepe za matangazo (Kampala)

Ufikishaji wa barua pepe za matangazo ni kazi ya kuhakikisha kwamba barua ambazo kampuni imewatumia watu wengi kwa mkupuo zinaingia kwenye kikasha cha kawaida, hazizuiwi njiani wala hazitupwi kwenye folda ya barua taka. Jijini Kampala kazi hii inazihusu zaidi benki, hoteli, maduka ya mtandaoni, mashirika yasiyo ya kiserikali na makampuni ya utalii, ambayo wateja wake wengi wako Ulaya na Marekani.

Historia

Barua taka ya kwanza inayojulikana ilitumwa 3 Mei 1978, pale Gary Thuerk wa kampuni ya DEC alipowatangazia kompyuta watumiaji wapatao 400 wa mtandao wa ARPANET. Nchini Uganda, barua pepe zilianza kutumika Chuo Kikuu cha Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa modemu na laini ya simu. Kikoa cha .ug kilisajiliwa mwaka 1995.

Uthibitisho wa mtumaji

Kichujio cha barua taka huanza kwa kuuliza kama barua imetoka kweli kwa yule inayemtaja. Jibu hutafutwa katika rekodi tatu zinazowekwa kwenye DNS (mfumo wa majina ya vikoa) ya kikoa. SPF hutaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la kikoa hicho. DKIM hutia sahihi ya kidijitali inayoonyesha kwamba sehemu zilizosainiwa hazikubadilishwa njiani. DMARC, iliyotangazwa mwaka 2012, humweleza mpokeaji afanye nini na barua isiyopita ukaguzi: p=none ni kuiacha ipite, p=quarantine ni kuipeleka kwenye taka, na p=reject ni kuikataa kabisa.

Kosa la kawaida kwa kampuni ndogo hutokea wakati wa kuhama mtoa huduma wa barua. Kampuni hufungua tovuti kwa mwenye seva za kukodisha na kupewa rekodi ya SPF inayoanza na v=spf1. Baadaye inahamishia barua zake Google, na fundi anaongeza rekodi ya pili bila kuifuta ya kwanza. Kiwango cha SPF kinaruhusu rekodi moja tu kwa kila kikoa. Zikiwa mbili, ukaguzi wote unahesabiwa kuwa na hitilafu. Dawa yake ni kuziunganisha kuwa mstari mmoja, kazi isiyozidi dakika chache, ilhali kosa lenyewe linaweza kukaa miaka bila mtu kuligundua. Tena mstari huo usihitaji uulizaji wa DNS zaidi ya mara 10, vinginevyo nao utashindwa.

Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wanadai rekodi zote tatu kwa watumaji wa barua nyingi. Google inamhesabu hivyo yeyote anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail. Wanadai pia njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja, ombi hilo litekelezwe ndani ya siku mbili, na malalamiko ya wapokeaji yawe chini ya asilimia 0.3. Microsoft ilifuata Mei 2025 kwa masharti ya uthibitisho yanayofanana na hayo.

Seva za pamoja

Kampuni nyingi ndogo hukodi nafasi kwenye seva moja yenye anwani moja ya IP. Mpangaji mmoja akituma taka, anwani yote inaweza kuingia kwenye orodha ya watumaji taka ya shirika la Spamhaus, na majirani wasio na hatia wanazuiwa pamoja naye. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Ridhaa na orodha

Rekodi zinathibitisha mtumaji ni nani. Hazimfanyi mtu apende kusoma. Hilo huamuliwa na ridhaa, na hapa ndipo juhudi nyingi huharibika. Mwongoza watalii anayerudi kutoka maonyesho ya utalii ya POATE na rundo la kadi za biashara, akaziingiza zote kwenye orodha na kutuma ofa ya kuwaona gorila wa msitu wa Bwindi kwa herufi kubwa na alama tatu za mshangao, anawaandikia watu ambao hawakumwomba. Wapokeaji watatu kati ya elfu wakibofya kitufe cha taka, amefika kwenye kikomo cha Google. Orodha ya kununuliwa ni mbaya zaidi, kwani huwa na anwani zilizokufa na nyingine zilizotegwa makusudi kuwanasa watumaji taka. Orodha fupi ya wageni waliokwisha kusafiri naye na kukubali kuandikiwa ina thamani kuliko maelfu ya majina ya kuokota. Asiyefungua barua kwa muda mrefu aondolewe kwa heshima.

Sheria

Sheria ya Uganda ya Miamala ya Kielektroniki ya 2011 inamtaka anayetuma matangazo yasiyoombwa ampe mlaji nafasi ya kujiondoa bila gharama. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inampa mtu haki ya kudai taarifa zake zisitumiwe kwa matangazo. Msimamizi wake ni Ofisi ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari.

Kuzimwa kwa intaneti, 2021

Intaneti nchini Uganda ilizimwa jioni ya 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi mkuu, ikarudi 18 Januari. Seva ya mpokeaji isipopatikana, SMTP, kiwango cha kutuma barua pepe, kinapendekeza seva inayotuma irudie kwa angalau siku 4 hadi 5 kabla ya kukata tamaa. Mifumo mingi ya matangazo huacha mapema zaidi. Katizo la urefu huo linaweza kuzifanya anwani hai zilizo kwenye seva za ndani ya nchi zihesabiwe kuwa zimekufa. Huduma ikirudi, mtumaji anashauriwa kuachilia barua zilizolimbikizana kidogo kidogo, kwa sababu wingi wa ghafla hushtua vichujio.

Hali ya sasa

Biashara nyingi ndogo za Kampala huwafikia wateja wa mjini kwa WhatsApp na SMS. Barua pepe imebaki muhimu kwa wateja wa nje, risiti na taarifa za benki.