Mshale wa Presha ya Oili Ulikotoka

Fundi mitambo Eugène Bourdon wa Paris alikuwa akikunja mrija wa mtambo wa mvuke, ukabonyea mkononi mwake. Ili kuuokoa aliuziba upande mmoja, akausukumia presha kwa ndani. Mbonyeo uliinuka, lakini kadiri presha ilivyopanda, mrija wenyewe ulianza kujikunjua. Mwingine angelaani hasara. Bourdon alifunga mshale kwenye ile ncha iliyosogea, na mwaka 1849 akapata hataza ya kipimo cha presha ambacho hadi leo kinaitwa kwa jina lake.

Kabla ya hapo presha kubwa ilipimwa kwa safu ya zebaki. Presha moja ya angahewa huinua zebaki sentimita 76, kwa hiyo boila lenye presha mara tano ya hiyo lilidai mrija wa karibu mita nne. Nani angeupakia kwenye kichwa cha treni? Geji ya Bourdon ilikuwa na ukubwa wa sahani tu. Mwaka 1851 ilizawadiwa medali kwenye Maonyesho Makuu ya London, na mwaka uliofuata Mmarekani Edward Ashcroft akanunua haki ya kuitengeneza kwao. Afrika Mashariki ilifika pamoja na treni za mvuke. Kichwa namba 5918, Mount Gelai, kinachotazamwa leo kwenye Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, kilijengwa kifanye kazi kwa presha ya pauni 225 kwa inchi ya mraba.

Presha ya oili ilichelewa kidogo. Mwaka 1890 Albert Charles Pain, mchoraji wa mitambo katika kampuni ya Belliss mjini Birmingham, alipata hataza ya kusukuma oili kwa pampu hadi kwenye beringi badala ya kuidondosha kwa kopo. Magari hayakukimbilia wazo hilo. Ford Model T, iliyouzwa kuanzia 1908 hadi 1927, haikuwa na pampu ya oili wala geji: oili ilirushwa na vyuma vinavyozunguka. Mwenye gari aliinama uvunguni, akafungua koki mbili ndogo. Ya juu ikitoa oili, imejaa. Ya chini ikikauka, hatari.

Injini zilipoongezewa kasi na nguvu, kurusha oili hakukutosha tena. Pampu ikaingia, na geji ikapanda dashibodini. Hapo ndipo wengi hukosea hadi leo, wakidhani kwamba pampu ndiyo inayotengeneza presha. Pampu hutoa mtiririko tu. Presha huzaliwa pale oili inapobanwa kupita kwenye mianya ya beringi, kama maji ya mpira wa bustani unapoziba mdomo wake kwa kidole. Beringi zikilika, mianya hupanuka na mshale hushuka. Oili ikipata moto huwa nyepesi, mshale hushuka vilevile. Ndiyo maana injini iliyochoka hujificha asubuhi ikiwa baridi, kisha hujifichua jioni kwenye foleni, taa nyekundu ya oili ikipepesa gari likiwa limesimama na kuzimika dereva akikanyaga mafuta.

Taa hiyo nayo ina historia, na si ya kujivunia. Katika miaka ya 1930 kampuni ya magari ya Hudson ya Marekani iliweka taa badala ya geji, na nyingine zikaifuata kwa sababu taa ni rahisi. Nyingi huwaka presha ikishabaki pauni tano hadi saba tu, wakati injini inayokimbia barabarani kwa kawaida inahitaji thelathini na zaidi. Halafu ikaja hila mbaya zaidi: kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 Ford iliuza magari yenye mshale unaokaa katikati mradi presha imevuka kiwango kile cha taa, na Mazda MX-5 ikafanya hivyo katikati ya miaka ya 1990. Mshale uliokuwa shahidi ukageuzwa pambo.

Kwa hiyo fundi makini haamini dashibodi. Kwanza huangalia kijiti cha oili. Kisha hufungua swichi ya oili kwenye bloku, hufunga geji ya mkono, huwasha injini hadi ipate moto, na husoma. Presha ikiwa nzuri, tatizo ni swichi au waya. Ikiwa chini kweli, hutafuta chujio la sampo lililoziba, vali ya presha iliyokwama, pampu iliyochoka, au beringi. Kumwaga oili nzito ili taa inyamaze ni kuahirisha msiba. Geji hiyo ya mkono, ukiifungua, ndani utakuta mrija wa Bourdon.

Mnunuzi wa gari kuukuu basi afanye jambo moja: azungushe ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya oili lazima iwake. Isipowaka, huenda balbu imeungua au kuna mtu ameuchomoa waya, na bei ijadiliwe upya.