Kuchanganyika na Kuchangamana: Istilahi ya Mafuta Ikitazamwa kutoka Ufipa

Wafua chuma wa Ufipa hawakutosheka na neno moja la tanuri. Lile refu la udongo, lililotoa chuma katika mawe, waliliita ilungu. Dogo, la kusafishia kilichotoka humo, waliliita kintengwe. Mfasiri anayeandika "tanuri" kwa yote mawili hufuta hatua nzima ya kazi. Hasara ya namna hiyo inatunyemelea katika istilahi za mafuta.

Mwaka 1987 kampuni ya Amoco ya Marekani ilichimba visima vya utafiti vya Ivuna na Galula katika Bonde la Rukwa, kusini-mashariki mwa nyanda za Ufipa. Mafuta ya kibiashara hayakupatikana. Lakini miaka saba kabla ya hapo, wataalamu wawili wa kampuni hiyohiyo, Yellig na Metcalfe, walikuwa wamechapisha njia ya kukadiria kanieneo ambayo hewa ya ukaa huhitaji ili iyasukume vyema mafuta yaliyosalia mwambani. Kazi hiyo ilikwisha kuanza kwa kiwango kikubwa huko Texas mwaka 1972.

Hewa hiyo haiungani na mafuta papo hapo. Hunyakua kwanza sehemu zake nyepesi, na kadiri inavyosonga mbele na kukutana na mafuta mapya, ndivyo mpaka baina yao unavyofifia hata ukatoweka. Kanieneo ikipungua, mpaka hubaki, na mafuta mengi hunaswa katika vinyweleo vya mwamba. Maabara hupima jambo hili kwa bomba jembamba lililosokotwa na kujazwa mchanga. Yellig na Metcalfe walionyesha kwamba joto la mwamba ndilo lenye uzito mkubwa katika makadirio. Joto likizidi, kanieneo inayotakiwa huzidi pia.

Sasa, tuiiteje hali hiyo? Wengi wataandika "kuchanganyika". Mimi siridhiki. Katika kande mahindi na maharage yamechanganyika, na kila punje yaonekana; maji na mafuta ya taa yakitikiswa huchanganyika pia, kisha hutengana. Mhandisi akisoma "kanieneo ya kuchanganyika" aweza kudhani kutikisika kwatosha, akasukuma hewa kwa nguvu haba, na kisima kikala fedha bure.

Napendekeza "kuchangamana" kwa maana ya kuungana pasipo kubaki mpaka, na "kanieneo ya chini ya mchangamano" kwa kipimo chenyewe. "Kuchanganyika" kuachiwe kande.