Marafiki wa Msimu katika Bonde la Kilombero

Mwaka 1889 wapiganaji wa kabila la Wambunga kutoka bara waliteremka pwani kumsaidia Bushiri bin Salim dhidi ya Wajerumani. Oktoba mwaka huo Wajerumani wakawapiga vibaya huko Yombo. Haikupita miaka mingi, Wambunga haohao wakawa upande wa Mjerumani. Agosti 1905 wakalishambulia boma lake kule Mahenge.

Ndumilakuwili? Hapana. Mjerumani alikuwa adui wa mbali. Mhehe, jirani yao, alikuwa juu ya mlima.

 Mali ya Bonde la Kilombero ni udongo wa mafuriko, ule unaootesha mpunga kuanzia Ifakara na Michenga hadi chini ya milima ya Udzungwa, na zamani kulikuwa pia na pembe za ndovu. Wambunga, waliotokea kusini wakiwa na mbinu za vita za Kingoni, waliliingia miaka ya 1860 na kuwakalia Wandamba na Wapogoro. Wahehe nao wakawa wanashuka kutoka Udzungwa kuteka watu na mifugo. Kila aliyelima bondeni alijua kwamba ghala lililojaa huita wageni.

Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alipokisambaratisha kikosi cha Kijerumani cha Emil von Zelewski kule Lugalo, Agosti 1891, Wajerumani walianza kutafuta kila aliyekuwa na kisasi na Wahehe. Walimpata Kiwanga, mtawala wa Wabena wa bondeni. Waliwapata Wambunga pia. Oktoba 1894 ngome ya Mkwawa huko Kalenga ikaanguka, na Julai 1898 akajiua.

Adui wa mlimani alipokwisha, Wambunga hawakuwa tena na sababu ya kumvumilia Mjerumani na kodi yake. Mwaka 1905, Vita vya Maji Maji vilipoanza, wajumbe wa dawa ya maji, walioitwa hongo, walifika bondeni wakakuta watu wamekwisha kukasirika. Kituo kidogo cha askari Ifakara kikavamiwa. Tarehe 30 Agosti maelfu ya wapiganaji walilikabili boma la Mahenge, alimokuwamo Kapteni von Hassel na askari wake wachache wenye bunduki za rashasha. Walikwenda wazi wazi, mchana, kwa sababu waliamini risasi itageuka maji. Wengine walianguka hatua chache tu kutoka ukutani. Wenzao walilizingira boma kwa wiki kadhaa.

Na nani alikuja kuwaokoa waliozingirwa? Kapteni Nigmann kutoka Iringa, akiwa na wapiganaji wa Kihehe. Ilikuwa miaka saba tu tangu kifo cha Mkwawa. Kiwanga hakubadili upande: alipigana pamoja na Wajerumani mpaka akauawa katika vita hivyo. Baadaye majeshi ya Gavana von Götzen yalichoma vijiji na vyakula kusini kote, na njaa ikaua wengi kuliko risasi.

Vitabu vya shule hupenda kuwagawa watu hawa katika mashujaa na vibaraka. Mgawanyo huo hausaidii kitu hapa, maana Wahehe wa Lugalo wangekuwa mashujaa mwaka 1891 na vibaraka mwaka 1905, na Wambunga kinyume chake. Aliyefuatilia Sudan Kusini hatashangaa: Desemba 2013 Salva Kiir na Riek Machar, waliopigania uhuru pamoja, walipambana, jeshi la Uganda likaingia kumwokoa Kiir, na majimbo yenye mafuta yakawa uwanja wa vita. Anayeingia na bunduki kutoka nje huwa amekuta ugomvi wa wenyeji, akauchagulia upande.

Bonde lilipata wageni wengine katika Vita Kuu ya Kwanza. Oktoba 1917 jeshi la Wabelgiji, ambalo askari wake walikuwa Wakongo, liliiteka Mahenge kutoka kwa Kapteni Tafel wa Kijerumani. Tafel alikimbilia kusini na kusalimu amri mwishoni mwa Novemba. Wabelgiji hawakukaa, eneo lilikabidhiwa kwa Waingereza, na kodi ikaendelea kudaiwa.